Cheri Tatu Ndani ya Chupa

Kwetu Poydras, huku Luiziana, mto uko juu na sisi tuko chini. Kinachotuzuia tusiamke asubuhi tunaelea ni tuta refu la udongo, lililoota majani, linaloufuata mto kona kwa kona hadi baharini. Ukikaa barazani siku ya Jumapili, saa kumi na moja na robo jioni, ukainua macho juu ya kamba ya nguo, utaona ghorofa jeupe linapita taratibu juu ya majani. Halina kelele. Lina madirisha mamia, na watu wadogo wadogo wamesimama juu kabisa, wengine wanapunga mikono. Mgeni akiliona mara ya kwanza huacha alichokuwa anasema. Sisi tunaendelea kuanua nguo.

Hiyo ndiyo meli ya starehe, inayokwenda Meksiko na visiwa vya huko na kurudi kwa siku saba. Shemeji yangu Eulalie, ambaye sote tunamwita Lalie, aliwahudumia abiria wake kwa miaka ishirini na mmoja bila yeye mwenyewe kuikanyaga. Alikuwa anafanya kazi gatini, mjini New Orleans, kwenye meza ya pombe.

Melini pombe inauzwa, tena kwa bei ya kumtoa mtu machozi, ndiyo maana hawataki uje na ya kwako. Kila mtu mzima anaruhusiwa chupa moja ya divai iliyofungwa kiwandani. Zaidi ya hapo, unanyang'anywa. Lakini binadamu ni binadamu, na mtu wa Luiziana ni binadamu mara mbili, kwa hiyo kila Jumapili meza ya Lalie ilijaa. Jioni, huku anamenya kamba kwa ajili ya chakula, alitusimulia aliyoyakuta. Dawa ya kusukutulia kinywa ambayo kumbe ni vodka iliyotiwa rangi ya kijani. Mkate mzima uliochimbwa ndani, ikalazwa humo chupa ya ramu. Darubini isiyoona kitu ila ukiigeuza inamwagika. Bibi mmoja wa Lafayette alikuja na Biblia kubwa, na Lalie, mtu wa kwenda misa ya alfajiri kabla ya zamu, alimwomba radhi, akaifungua, akakuta kuanzia Isaya hadi Malaki kumekatwa shimo linalotosha chupa bapa ya wiski.

"Nilimwambia angekata Mambo ya Walawi," alisema. "Hakuna ambaye angegundua."

Za mwizi arobaini, wanasema. Kwa Lalie hazikufika hata tatu. Lakini hakuwa mkali, wala hakumwaibisha mtu mbele ya foleni. Aliwaita wote mpenzi wangu, wazee kwa vijana, akawaambia wana njia tatu: wairudishe garini, wakainywe nje na waliokuja nao, au wamwachie yeye aimwage. Msichana aliyefanya naye kazi miaka minane, Ladonna, mama wa watoto wawili, ndiye ambaye Lalie alimrithisha ujuzi wote. Hata chupa ya divai, alimfundisha, usiipitishe kwa kutazama karatasi yake tu. Iinue kwenye taa. Divai ya kiwandani haina kitu kinachoogelea ndani.

Sasa nimseme mumewe. Ovide alikuwa kaka yangu, mtu wa mtoni, alisukuma kwa boti majahazi ya mahindi na makaa ya mawe miaka thelathini, mpaka siku waya wa chuma ulipokatika ukamvunja mguu. Tangu hapo hakupanda tena chombo cha majini. Watu wakimuuliza kama atasafiri na meli ya starehe mkewe akistaafu, alisema hapana, punda hapandi punda. Kazi iliyobaki aliyoipenda ilikuwa moja tu, kutengeneza merizi.

Merizi ni pombe ya cheri za mwituni, zile ndogo nyeusi zinazoiva Juni na kupiganiwa na ndege. Unazichuma, unazitia kwenye mtungi wa kioo pamoja na sukari na wiski, unaufungia mtungi kabatini gizani, na kila juma unaupindua mara moja ili sukari isilale. Krismasi unaonja. Mwenye subira anangoja mwaka. Kila nyumba hapa ina ya kwake na kila nyumba inasema ya jirani ni dawa ya kikohozi. Ya Ovide hata majirani waliinyamazia, wakaja kuomba.

Basi kila Jumapili, saa kumi na moja kasorobo, Ovide alipanda tuta akiburuta mguu, mkononi kiti chake chepesi cha mikanda ya kijani, mfukoni glasi ndogo na chupa. Nami nyuma na kiti changu. Tulikaa tukinusa mto, ambao wakati wa machipuo hunuka udongo na dizeli na maua ya mwituni kwa pamoja, hata usingizi ukatuchukua macho wazi. Kisha meli inatokea konani. Inatokea polepole, kwanza pua, halafu weupe unaongezeka na kuongezeka hadi unaona umesahau kuna ng'ambo. Ovide alisimama kwa mguu wake mzima, akainua glasi, akanywa. Ikishapita aligeuza kiti, akaupa mto mgongo, akakaa akitazama barabara.

Tulimcheka kwa hilo. Nani anapanda tuta lote lile ili atazame barabara? Alijibu kwamba jua la mtoni linamuumiza macho.

Mezani alimlalamikia mkewe kila Jumapili, maneno yaleyale. "Leo tena nimewainulia glasi. Watu elfu tatu, hakuna hata mmoja aliyenijibu. Unawapekua pombe tu, adabu huwapekui."

"Ngoja nipande mimi," Lalie alimwambia. "Nitakujibu."

"Ujibu kwa hii yangu. Ukiinua kile kinywaji chao chenye mwavuli sikipokei."

Wakacheka, akaahidi. Ilikuwa ahadi ya mezani, ya mdomo wenye chakula. Lakini Ovide alifariki Februari, siku mbili baada ya Jumatano ya Majivu, na ahadi za mezani mwenyewe akifa zinabadilika uzito. Kwenye kabati la chumbani, nyuma ya koti lake la mvua, alikuwa ameacha mtungi mmoja, wa Juni iliyotangulia, haujafunguliwa. Hakuna mwingine. Mkono uliojua kiasi cha sukari umekwenda, na hakuwahi kuandika, maana alisema kiasi kiko kwenye sikio: unapindua mtungi, unausikiliza.

Mwaka mzima Lalie hakuugusa ila kuupindua. Nilikuwa nikipita chini ya dirisha lake siku za Jumatano nikausikia mtungi ukiguna kidogo, halafu yeye akinyamaza. Alipostaafu mwaka uliofuata, hata kabla ya kurudisha sare, alikata tiketi ya safari ya Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Aliniambia anataka kitu kimoja tu melini, vingine vyote wapewe wengine. Anataka asimame juu pale meli inapopita Poydras, na glasi ya merizi ya Ovide mkononi, ainue, amjibu. Nilitaka kumwambia kitu siku ile. Sikumwambia. Nilikuwa nimeapa.

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya safari, aliniita jikoni. Juu ya meza kulikuwa na mtungi, chupa tupu ya divai iliyooshwa, kizibo kipya, na kile kikofia cha plastiki nyekundu kinachobana shingo ya chupa ukikipulizia mvuke wa birika. Nilimtazama. Alikwepa macho yangu, na katika miaka arobaini ya kumjua sikuwahi kumwona Lalie akikwepa macho ya mtu.

"Mkuki kwa nguruwe, shemeji," nikamwambia.

"Nyamaza ushike faneli."

Nikashika faneli. Merizi ilishuka nyeusi, ikiwa na wekundu pale tu mwanga ulipoipitia, na jikoni kote kukanuka Krismasi zote tulizowahi kuwa nazo. Niliona tumesimama watatu. Sisemi niliona mzimu, mimi si mtu wa mizimu. Nasema tu kwamba nilisogea kidogo ili kumpisha mtu afike kwenye sinki, na Lalie naye akasogea. Hatukusemeshana kuhusu hilo. Wala hakuniruhusu kulamba faneli.

Chupa ilipojaa alichukua kijiko. Sasa, kwetu chupa ya merizi isiyo na cheri ndani ni yatima. Haijulikani ni ya mti gani wala ya mkono wa nani, na kumpa mtu chupa ya namna hiyo ni kama kumpelekea barua isiyo na jina. Mama yetu alitia tatu kila chupa. Ovide alitia tatu. Mwanamke aliyeinusa wiski ndani ya nabii Isaya alichagua cheri tatu kwenye mtungi, moja moja, akazitumbukiza chupani, akabana kizibo, akapuliza mvuke, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama padri. Vichwa viwili vyenye mvi, na hakuna hata kimoja kilichokumbuka.

Kesho yake nilimpeleka gatini kwa gari. Alikuwa amevaa shati la Ovide la kazi, la rangi ya chungwa, lile la watu wa majahazi, ili nimwone kwa mbali. Lilimfika magotini. Nilimshusha, akaingia na sanduku lake na mfuko wa mkononi wenye chupa, nami nikanunua mkate wa kamba wa kukaanga, nikaketi kwenye ukuta mfupi nje nikila na kuitazama meli kwa karibu. Kwa karibu haipendezi. Ina kutu chini na inatoa maji ubavuni kama bomba lililopasuka.

Yaliyotokea ndani nimesimuliwa na wote wawili, Lalie na Ladonna, na hawapishani.

Ladonna alimkumbatia, wakacheka kuhusu shati. Alimuuliza kama amebeba dawa yake ya presha, akamwambia yule mkuu mpya wa zamu hajui hata taa ya meza inawashwa wapi. Huku anaongea hivyo alikuwa ameichukua chupa mfukoni. Hakukusudia kuipekua. Nani angempekua Lalie? Lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: mkono wake wenyewe ukapanda, ukaiinua chupa kwenye taa.

Cheri tatu zikashuka polepole, zikagusa chini, zikapanda tena.

Ladonna akaishusha chupa. Kila Krismasi, Ovide alipokuwa hai, alikuwa akipelekewa chupa ya aina hiyo, na kila Krismasi alikuwa amezihesabu.

"Mama Lalie," alisema taratibu, "hii ni ya Baba Ovide?"

"Ndiyo ya mwisho."

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yao. Mkuu wa zamu alikuwa mbali, anazozana na mtu kuhusu pasipoti. "Mimi naweza kuwa sijaona," Ladonna akasema.

"Umeona."

"Nani atajua?"

"Yule baba wa mji wa Mobile aliyekuja na pombe ya harusi ya mwanawe, akalia hapa hapa. Tulimwambia nini?"

"Mama, usinifanyie hivi."

"Tulimwambia nini, Ladonna?"

"Tulimwambia ana njia tatu."

"Basi niambie na mimi."

Ladonna akamwambia, zote tatu, kwa mpangilio aliofundishwa, na mpenzi wangu mwanzoni, huku machozi yanamtiririka. Lalie alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akachukua chupa yake na kutoka nje.

Mimi nilimwona akija na chupa mkononi, nikaropoka. Nikamwambia arobaini zake zimefika. Halafu nikaona uso wake na nikatamani ule mkate unikwame kooni. Alikaa ukutani karibu yangu, shati lile kubwa limemzunguka, akaiweka chupa mapajani.

"Nilimwahidi, Anatole," alisema. Jina langu hulitumia msibani tu. "Kitu kimoja. Miaka yote aliinua ile glasi hakuna aliyemjibu, na mimi niliyemwahidi nimeshindwa kwa sababu ya cheri tatu. Nitapita pale nimeshika nini? Soda?"

Akalia. Hakulia hivyo hata makaburini. Nami nilikaa na karatasi yangu yenye mafuta mkononi, nikikumbuka kiapo changu. Ovide alikuwa ameniapisha juu ya tuta, akicheka, kwamba nisimwambie mkewe kamwe, maana atavimba kichwa hadi mlango usimtoshe. Ilikuwa siri ya mzaha. Nilifikiri: huyu ananiachaje na mzaha wake mkubwa namna hii, halafu anajiendea?

"Hakuwa anaisalimia meli," nikasema.

Aligeuka.

"Hakujali nani yuko juu yake, hata angekuwa gavana. Ikitokea konani alikuwa anasimama, anasema maneno yaleyale, ndipo anakunywa. Nimeyasikia miaka yote hiyo. 'Zamu imekwisha. Lalie yuko njiani.'"

Wachukuzi walipita na mikokoteni ya masanduku, mmoja anapiga mluzi.

"Na kiti?" akauliza. "Kwa nini alikuwa anakigeuza?"

"Barabara iko upande gani?"

Akaweka mkono mdomoni.

"Akiona gari lako linakunja pale kanisani, anateremka tuta mbio na ule mguu wake, mimi nimebeba viti vyote viwili kama punda. Ukifika unamkuta barazani, amekaa."

"Amekaa," Lalie akarudia. "Namwambia, wewe mvivu, hujainuka hapo tangu asubuhi. Miaka ishirini namwambia hivyo." Alikuwa anacheka na kulia, vyote pamoja, na shati la chungwa linatetemeka. "Kwa hiyo hakuwa anangoja kujibiwa."

"Alijibiwa kila Jumapili, saa kumi na mbili kasorobo."

Honi ya meli ililia, ile ya kuwaambia waliochelewa. Nilidhani atasema turudi nyumbani, na sijui ningemwambiaje. Lakini alifuta uso kwa mkono wa shati la mumewe, akaing'oa ile plastiki nyekundu kwa kucha, akazungusha kizibo. Nilikuwa na bilauri ya karatasi iliyokuwa na chai ya barafu. Alimimina humo tone dogo, akiinamisha chupa kwa uangalifu, hadi cheri mbili zikateleza zikatoka. Ya tatu aliizuia shingoni kwa kidole, akairudisha chini.

"Isibaki yatima," alisema.

Zile mbili alizifunga kwenye leso. Lile tone alinipa. Kisha akanipa chupa.

"Rudi nayo nyumbani, shemeji. Kaa kwenye kiti chake. Mahali pake ni pale, nilikuwa nataka kuihamisha ya nini? Mimi nitapita."

Alirudi mezani kwa Ladonna, akaifungua leso mbele yake bila kuulizwa. Ladonna alizitazama zile cheri mbili kwenye taa, kwa makini, kama inavyotakiwa.

"Mama, haya ni matunda," alisema. "Meza hii ni ya vinywaji."

Mimi niliendesha gari polepole hadi Poydras, chupa nimeifungia nyuma, imeviringishwa koti langu, maana chupa iliyofunguliwa hairuhusiwi karibu na dereva, na sheria ni sheria hata kwa waliokwisha kuchoka nazo. Nilichukua viti vyote viwili. Tuta lilionekana refu kuliko kawaida na sikuwa na wa kumlalamikia. Pale juu, kwenye majani, kuna vishimo vinne vya miguu ya kiti cha Ovide vinavyotazama mto, na vingine vinne, vya ndani zaidi, vinavyotazama barabara. Mvua za mwaka mzima hazijavifukia. Nilikiweka kiti kwenye vile vya mto, nikakaa mahali pa kaka yangu, na kiti changu nikakiacha kitupu pembeni.

Upepo ulikuwa wa kusini, wa uvuguvugu. Yangeyange walikuwa wamesimama kwenye matope, kila mmoja na lake, na mto ulishuka bila haraka na magogo yake. Nadhani nilisinzia macho wazi. Nilikuwa kwenye jahazi pamoja na Ovide, tuko vijana, ananipigia kelele nikaze kamba, nami namwambia kamba imekazwa, nenda kalale, kila kitu kimekazwa. Nilipotikisa kichwa meli ilikuwa imekwisha kutokea konani.

Ilikuja kama inavyokuja, nyeupe na kuzidi kuwa nyeupe, hadi ng'ambo ikapotea. Nilimtafuta ghorofa kwa ghorofa. Walikuwapo watu wengi, wenye nguo za baharini na kofia na bilauri za rangi rangi, na nikaogopa kweli kwamba nitamkosa, kwamba meli itapita nami nimekodoa macho kwenye ubavu usiofaa. Kisha nikaliona shati. Alikuwa nyuma kabisa, peke yake, ambapo kelele za muziki hazifiki, doa la chungwa lenye ukubwa wa cheri.

Nikasimama. Nikainua glasi yake ndogo.

"Zamu imekwisha," nikasema, kwa sauti, nami sikuwa na mtu wa kunisikia. "Lalie yuko njiani."

Nikanywa. Ilikuwa tamu, halafu kali, halafu ikabaki ile ladha ya kokwa ambayo hakuna nyumba nyingine inayoipata. Kule juu mkono ulinyanyuka na ukabaki hewani muda mrefu. Baadaye aliniambia kwamba cheri moja alikuwa ameitia mdomoni wakati ule, na ya pili akaitupa mtoni mkabala na nyumba yao, na kwamba hakuwa amepanga kusema lolote ila alijikuta anasema, wewe mvivu, na watu wawili wa meza ya jirani wakageuka.

Meli ikapita. Mawimbi yake yakafika kwenye mawe chini yangu, yakapigapiga, yakatulia. Nikazoa glasi na chupa, na ndani ya chupa ile cheri moja ikazunguka. Kisha mikono yangu, bila kuniuliza, ikakishika kiti cha Ovide na kukigeuza, ikakiweka kwenye vile vishimo vya ndani zaidi, nikakaa kutazama barabara hadi pale kanisani. Magari mawili yalikunja, si lake.

Ndipo nikakumbuka. Nikainuka, nikakirudisha kiti kiangalie mto, maana siku hiyo Lalie alikuwa amepita upande huo.